Kigoda cha Bwana Afya

Siku mliyoniaga pale ofisini Ruiru mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki tamu sana, na nikashukuru kwa yote matatu. Kisha Purity wa maabara, ambaye tumetembea naye mitaa mingi tukibeba kikasha cha barafu, akauliza mbele ya watu: "Na kile kigoda chako, Mama, unamwachia nani?" Nikajibu kwamba kigoda kiko kazini. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya mzee aliyeshiba keki. Mimi sikuwa natania. Sasa nina muda wa kutosha, na saa ya ukutani ya kunikumbusha kwamba ninao, kwa hiyo nitaeleza vizuri.

Nilianza kazi Thika, ofisi ya afya ya umma, nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu visivyofaa tope. Siku hizo kila afisa wa afya aliitwa Bwana Afya, awe mwanamume awe mwanamke. Hoteli ya kwanza niliyokwenda kukagua, mwenyewe alichungulia nyuma ya bega langu akimtafuta huyo Bwana. Bahati yake alikuwepo. Mzee Ndegwa, aliyepewa kazi ya kunifunza, alikuwa anaegesha baiskeli. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kwenye kerea, kile kibebeo cha nyuma ya baiskeli, alifunga vitu viwili kwa mpira: sanduku la chupa za kupimia maji na kigoda kidogo cha mti wa muringa.

Mimi sikumngoja. Nilisimama mlangoni nikaomba vyeti vya wapishi kwa sauti niliyofundishwa chuoni, na papo hapo mpishi akatokea mlango wa nyuma na mwenye hoteli akakumbuka kwamba ufunguo wa jikoni umepotea. Mzee Ndegwa akaingia, akaweka kigoda chake karibu na kaunta, akaketi, akaagiza chai. Akauliza kuni zinatoka wapi siku hizi. Akauliza habari za ng'ombe. Chai ilipoisha, mwenye hoteli mwenyewe alimshika mkono kwenda kumwonyesha shimo la panya nyuma ya jiko, akiomba ushauri. Ufunguo ulikuwa umepatikana.

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini anabeba kiti kama mtu anayehama. Akaniambia: "Ukingoja kupewa kiti, mwenye nyumba ndiye anaamua kama utakaa ama utaenda. Ukija na chako, umeshakaa." Baadaye nilijua pia kwamba mgongo wake ulikuwa mbovu, na benchi za hoteli zilimwua. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli.

Nitawapa kisa kimoja tu cha miaka ile, kwa sababu mtakihitaji mbele. Kulikuwa na mtaa upande wa mashariki wa Thika ambako watoto waliharisha mfululizo, wengine wakaishia kwenye dripu. Sisi tulishuku kisima cha mama mmoja mjane aliyeuzia majirani maji. Mama huyo alikataa kabisa tusiteke hata tone. Kisima kilikuwa ndicho kinacholisha nyumba yake, na alijua neno letu moja lingekifunga. Sheria ilituruhusu kuingia na askari. Mzee Ndegwa akaketi kwenye kigoda kando ya kisima tangu asubuhi, akaongea juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya mume wa yule mama ambaye waliwahi kujuana. Mchana ulipofika mama akachukua ndoo, akateka mwenyewe, akasema, "Pima, tujue." Kisima kilikuwa kibovu kweli. Lakini kwa kuwa aliteka mwenyewe, alikubali kukifunika na kukitia dawa, na ndiye aliyewaambia majirani wachemshe. Askari wangetupatia chupa moja ya maji, basi.

Mambo mengine aliyonifunza ni ya mikono, na bado yanafaa. Andika jina kwenye chupa kabla hujaifungua, maana mkono ukishalowa kalamu haiandiki. Usiweke sampuli ya mtu kando ya chakula chako cha mchana, hata kama kikasha ni kimoja na jua ni kali. Barafu ikiyeyuka, rudi, usijidanganye. Na usimwambie mtu jibu lake mahali ambapo jirani anasikia. Hili la mwisho alilirudia mpaka nikachoka, na sasa nawarudia nyinyi mpaka mchoke.

Alipostaafu alinipa kigoda bila hotuba yoyote, akaniambia tu nisikiache kwenye mvua. Nilihamishiwa Ruiru nacho. Mji ulikuwa unakua mbele ya macho yetu. Shamba la kahawa la leo, kesho ni msingi wa nyumba, na ndani ya mwaka ni ploti ya vyumba vya kupanga yenye geti moja, mfereji mmoja na vyoo vichache mwishoni. Kazi yangu ikawa ni ploti. Nilikagua maji taka, nikapigana na wenye ploti juu ya vyoo, nikapigiwa kelele na kukaribishwa chai, mara nyingi na mtu yule yule katika siku moja.

Korona ilipofika nilikuwa nimeshaota mvi na nina presha. Niliogopa. Nawaambia wazi kwa sababu baadhi yenu mnadhani wakubwa wenu hawakuogopa. Nilivua viatu nje ya mlango wangu, nikaoga kabla ya kumsalimia mume wangu, na kuna wiki nililala chumba cha watoto ambao walishahama zamani. Asubuhi nilivaa barakoa nikarudi kazini, kwa sababu kama mtu wa afya atajificha nyumbani, yule wa mtaani atamwuliza nani?

Mengine yalichekesha. Kila duka liliweka mtungi wenye mfereji na sabuni nje, na kila sabuni iliibwa, mpaka mama mmoja wa mboga akaitia kwenye wavu wa vitunguu akaifunga kwa kamba. Tulisambaza wazo lake mji mzima. Barakoa wengi waliivaa kwenye kidevu, kiungo ambacho sijawahi kusikia kimeambukiza mtu. Niliona wanaume wawili mlangoni mwa duka kubwa wakiazimana barakoa moja: mmoja anatoka, anavua, mwenzake anavaa, anaingia. Niliwaita pembeni. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniuliza kama basi naweza kuwapa ya pili. Nilikuwa nayo, nikawapa. Nyinyi mlioanza kazi juzi, wekeni barakoa ya ziada mfukoni kabla ya kuweka maneno mdomoni.

Upimaji ndio ulikuwa mgumu. Mara ya kwanza tulipoenda mtaa wa Witeithie tuliweka hema karibu na barabara, gari letu lenye taa juu likiwa mbele, na sisi sote tukiwa tumeshavaa zile ovaroli nyeupe kichwa hadi miguu. Watu walisimama ng'ambo ya barabara wakituangalia. Mmoja akasema kwa sauti kwamba ukipimwa hapo unabebwa na hurudi, na mtaani kwako wanajua kabla ya mamako. Aliyekuja alikuwa mlevi mmoja, naye alitaka kujua kama kuna chakula. Jioni tulirudi na kikasha chenye barafu tupu.

Purity alikasirika sana. Alikuwa mgeni kazini wakati huo, na alikuwa amejifunza kuingiza kile kijiti cha pamba puani kwa uangalifu mkubwa, na hakuna pua iliyokuja. Nilimwambia twende tena kwa namna nyingine. Mara ya pili gari liliachwa mbali. Tulifika na nguo zetu za kawaida na barakoa, tukasalimia bila mkono, nikaweka kigoda changu nikaketi. Ovaroli tulivaa hapo hapo mbele ya watu, tukieleza kila kipande, ili wauone uso unaoingia ndani kabla haujafichwa. Wakaja wachache, na waliofuata walikuja kwa sababu ya hao wachache. Ikawa ndiyo njia yetu.

Sasa nifike kwenye ile ploti.

Ilikuwa Ruiru, upande wa chini ya reli. Mle aliishi mama mmoja, Mama Tash, na binti yake mdogo Natasha. Mama Tash alikuwa anafua nguo za watu katika nyumba za mtaa wa Kahawa Sukari. Katika nyumba mojawapo, mzee wa familia akaugua, na wote waliomkaribia wakaombwa wapimwe. Wengine walizima simu. Mama Tash alikuja kwa miguu yake. Mtoto hakuwa nayo, mama alikuwa nayo, bila homa, ila pua haikusikia harufu ya sabuni aliyofulia maisha yake yote. Nilimweleza kwa simu, polepole: akae chumbani, avae barakoa hata mbele ya mtoto, alale upande wake, dirisha liwe wazi. Akaniuliza swali moja tu, kama atafukuzwa. Nilimwambia hapana. Kwa kweli sikuwa na uhakika, lakini niliamua papo hapo kwamba haitatokea.

Niliamua hivyo kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya mtaa mzima. Mtaa ule ulikuwa unamtazama yeye. Mtu aliyekubali kupimwa akipoteza chumba, nani mwingine angetuletea pua yake? Tungekaa na vijiti vyetu mpaka viote ukungu.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia. Mama Tash alikuwa ananong'ona. "Daktari, Githinji ameweka kufuli kwa mlango. Kwa nje. Niko ndani na mtoto."

Githinji alikuwa keateka, yaani mtunzaji, wa ploti ile, mtu mfupi wa kofia ya sufu, na funguo zote za ploti zikining'inia kiunoni. Mnajua desturi ya ploti zetu: mpangaji akichelewesha kodi, keateka anaongeza kufuli lake juu ya la mpangaji, na mtu anakuta mlango umefungwa mara mbili. Githinji aliposikia kwamba Mama Tash ana korona, na alisikia, kwa sababu ploti haina siri, alifanya kile anachokijua. Tofauti ni kwamba safari hii mpangaji alikuwa ndani.

Tulifika tukakuta ni kweli. Kufuli kubwa la shaba, mlango wa mabati, na ndani kuna mama, mtoto, ndoo na jiko la mafuta. Nilifikiria lile jiko likianguka. Majirani walikuwa wamesimama milangoni mwao wote. Purity alitoa simu. "Mama, tupigie chief. Hii ni kesi ya polisi. Huwezi fungia mtu kama kuku."

Alikuwa sawa kisheria, na hasira yake niliipenda. Lakini nilimwomba angoje kidogo, asogee dirishani aongee na mtoto. Nilijua polisi wangefungua kufuli lile dakika moja, na siku hiyo hiyo kila mlango mwingine wa Ruiru ungefungwa kwa ndani. Nikaweka kigoda changu mbele ya mlango wa Mama Tash. Nikamwita kwa jina, nikamwambia, kwa sauti ambayo ploti nzima ingesikia, kwamba nimekaa hapa na sitoki mpaka atoke. Kisha nikamwita Githinji.

Alikuja amefunga mikono kifuani. Nilitegemea mtu mkali, nikakuta mtu aliyekosa usingizi. Alisema mwenye ploti amepiga simu kutoka Thika, anataka Mama Tash ahame mwisho wa mwezi. Akasema yeye hana ubaya na mtu. Kisha akaonyesha chumba kilicho karibu na geti, ambako mlangoni alikaa mama mzee sana amejifunga shuka, yule ambaye ploti nzima ilimwita Shosho, yaani bibi.

"Huyo ni mamangu," akasema. "Kifua yake ni ya shida tangu zamani. Huyu mama akitoka kwenda choo, akikohoa hapo njiani, mimi nitazika nani? Wewe utakuja matanga?"

Nilimuuliza Shosho anakunywa dawa gani, analala vipi, nani anampikia. Githinji ndiye aliyempikia. Alimwogesha pia, maana dada zake wameolewa mbali. Kwa jinsi alivyoyasema hayo, hasira yangu ilipungua, ingawa kufuli lilikuwa pale pale nyuma ya mgongo wangu na mtoto alikuwa anamwimbia Purity wimbo wa shule dirishani.

Tukiwa tunaongea, mama mmoja alikuja na mtungi, akanyoosha mkono. Githinji akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichwa cha mfereji, kile chuma cha kufungulia maji, akampa. Mama akaenda, akateka, akarudisha. Githinji akakitia mfukoni. Kabla hajamaliza sentensi yake akaja kijana na ndoo, akapewa, akarudisha. Hii pia ni desturi ya ploti zetu. Mfereji ukiachwa na kichwa chake, watoto wanafungulia, watu wa nje wanateka, bili inapanda. Kwa hiyo keateka anaking'oa na kukaa nacho. Nilikuwa nimeona jambo hilo miaka yote na sikuwahi kuliona la ajabu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa mfukoni kabisa.

"Githinji," nikamwambia, "hiyo chuma, juzi Mama Tash aliishika?"

"Kila mtu huishika. Maji ni ya kila mtu."

"Akakurudishia mkononi."

"Ndiyo."

"Ukaenda ukampikia mamako uji."

Alitoa ule mkono mfukoni akauangalia, mbele na nyuma, halafu akamwangalia mama yake pale getini. Sijawahi kusahau uso ule. Sikufurahi kuwa nimeshinda, maana nilichomwambia ni kwamba hatari aliyoifungia ndani ilikuwa inazunguka ploti nzima kupitia mkono wake mwenyewe, kila siku, tangu asubuhi hadi jioni.

Akanipita, akatafuta ufunguo katika rundo la kiunoni. Kufuli likafunguka. Mama Tash hakutoka kwa fujo. Alivaa barakoa, akampita kila mtu kwa mbali, akaenda choo, akarudi chumbani, akaacha mlango wazi. Alikuwa amekaa na ndoo tangu alfajiri.

Mchana ule tulifanya kazi. Kichwa cha mfereji kikarudishwa mahali pake na kufungwa kwa waya, sabuni ikaning'inizwa kwenye wavu wa vitunguu, na kila mmoja akanawa kabla na baada ya kuteka. Choo kimoja kikatengwa kwa Mama Tash, na ndoo ya maji ya dawa mlangoni. Kisha nikasema tungependa kupima ploti nzima. Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma akauliza, kwa haki kabisa, "Na mkinipata nayo, mimi nitafungiwa na nani?"

Aliyejibu ni Githinji: alivua kofia, akasogea mpaka kwenye kigoda changu, akaketi, akainua uso. Purity alimwingizia kijiti. Machozi yakamtoka, mguu ukapiga chini, na alipomaliza akasema kile kitu kimefika mpaka kwa ubongo na kimepata hakuna mtu. Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mstari ukaanza.

Majibu yalipokuja, Githinji alikuwa nayo. Shosho hakuwa nayo.

Sikumwambia kwa simu. Tuliacha gari mbali, nikaenda kwa miguu na kigoda, nikaketi mbali kidogo na mlango wake, nikamwambia kwa sauti ya chini. Aliuliza kwanza habari ya mama yake. Akashukuru. Kisha akafungua mkanda, akatoa rundo la funguo na lile kufuli la shaba, akaviweka chini kizingitini.

"Nifungieni," akasema, na hakusema kwa sauti ya chini. "Nilimfungia mwenzangu. Sasa ni zamu yangu."

Mama Tash alikuwa amesimama mlangoni kwake, upande wa pili wa uwanja, barakoa usoni. "Hapa hatufungi mtu," akajibu. "Rudi ndani ulale. Chai inakuja."

Chai haikupikwa na yeye, maana naye alikuwa amejitenga, lakini alimwita jirani, jirani akapika. Shosho akahamia kwa jirani huyo huyo. Mahali pa kuweka kikombe hapakuwa na kitu ila tope, kwa hiyo nikaacha kigoda changu mbele ya mlango wa Githinji: mleta chakula anaweka hapo, anabisha, anarudi nyuma, ndipo mgonjwa anafungua. Nilikusudia kukichukua kesho yake.

Kesho yake nilikuta Shosho amekikalia. Alikuwa amekisogeza nyuma kidogo, kwa umbali niliowaonyesha jana yake, na barakoa amevaa sawasawa kuliko nusu ya maafisa wa afya ninaowajua. Alikuwa anaongea na mwanawe kwa Kikuyu kupitia mlango, habari za watu wa zamani, bila haraka, na ndani Githinji alikuwa akiitikia. Singeweza kumwinua mama yule nimwambie kigoda ni changu.

Siku chache baadaye pumzi ya Githinji ikabana. Gari lilikuja kumpeleka hospitali Thika, na safari hii ilibidi lifike hadi getini, taa na yote. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyefunga mlango. Walisimama wote, kila mtu kizingitini kwake, na Mama Tash akamwambia kwamba funguo ziko salama. Alipoondoka, Shosho aliendelea kukaa kwenye kile kigoda kila mchana mbele ya chumba kitupu. Nilipita mara nyingi kuliko kazi ilivyonihitaji. Nilimwogopea Githinji, na nilimwogopea zaidi huyu mama, na kuna mchana nilikaa chini karibu naye, kwenye jiwe.

Githinji alirudi amekonda, anatembea kama anayepima ardhi, lakini alirudi. Mwenye ploti alipopiga simu kuuliza kama Mama Tash ameshahama, Githinji alimwambia akitaka ahame, aje amwambie mwenyewe, na alete keateka mwingine pamoja naye. Hakuja. Mama Tash yuko katika chumba kile kile hadi leo. Tuliendelea kupima ploti za jirani, kisha za mtaa wa pili, na mara nyingi nilisikia mtu getini akiwaambia wenzake kwamba ni wale watu wa kigoda, waache waingie. Kigoda chenyewe hatukuwa nacho. Nilikuwa nakalia ndoo.

Miaka ikapita. Chanjo zikaja, barakoa zikaishia kwenye droo, na kazi ikarudi kwenye panya na vyoo, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotegemea. Wiki moja kabla ya kuniaga nilikumbuka ahadi niliyojiwekea, kwamba nitampa Purity kigoda cha Mzee Ndegwa. Nikaenda kukichukua.

Mfereji bado una kichwa chake, na wavu wa sabuni bado unaning'inia. Kigoda nilikiona mwishoni, mbele ya chumba cha kijana mmoja mgeni. Githinji akanieleza kwamba kijana amepatikana na kifua kikuu, ameanza dawa juzi, na alitaka kutoroka ploti usiku kwa aibu. Dirisha lake lilikuwa wazi. Juu ya kigoda alikaa Shosho, amezeeka mpaka amekuwa mdogo, barakoa usoni, anamhesabia kijana vidonge kwa sauti kupitia mlango na kumgombeza kwamba hajamaliza uji.

Nilimwambia Githinji nimefuata kigoda changu. Alikitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Hiyo haitoki, Mama. Iko na mgonjwa."

Nilirudi mikono mitupu, nikaja kwenye sherehe yenu nikala keki. Kwa hiyo Purity, na nyinyi wengine mliocheka, jibu langu ni lile lile: kigoda kiko kazini. Tafuteni chenu, kiwe kizito kidogo, ili mkishafika kwa mtu mwone uvivu wa kuinuka.